Kuvumilia Si Dawa

Mama yangu mkubwa alikufa akiuma kanga. Sisemi kwa mafumbo. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa, hospitali ikatuambia tumrudishe nyumbani, "hakuna la kufanya". Tukapewa Panadol. Usiku alikuwa anakunja pembe ya kanga, anaitia mdomoni na kuing'ata, ili watoto wa chumba cha pili wasiamke. Sisi tuliokaa naye tulikuwa na neno moja tu: "Vumilia, mama."

Leo nina ugomvi na neno hilo.

"Hakuna la kufanya" ni uongo. La kuponya halikuwepo, sawa. Lakini kuponya ni kazi moja na kutuliza ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ina jina: tiba shufaa. Ni kushughulikia maumivu, kichefuchefu, pumzi inayokata, kidonda kinachonuka, hofu ya mgonjwa na uchovu wa wanaomuuguza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanaihitaji kila mwaka. Wanaoipata ni kama asilimia 14 tu.

Na dawa ipo, jamani! Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala. Wakachukua unga wa mofini, wakauchanganya na maji, wakautia kwenye chupa. Mgonjwa anakunywa akiwa kwake, kila baada ya saa nne. Hakuna sindano, hakuna mashine. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Walijua kitu ambacho kila mtu aliyewahi kuugulia kijijini anakijua: daktari hayupo, nesi yupo. Hivi Waganda wametuzidi utajiri?

Hapa kwetu Ocean Road wanaitoa huduma hii, na zipo hospitali za kidini zinazowafuata wagonjwa majumbani. Nawavulia kofia. Ila maumivu hayachagui mtaa wenye hospitali nzuri.

Tatizo letu kubwa ni woga. Mtu akisikia "unga" anawaza mateja wa kijiweni. Nimewahi kuambiwa na mtu mwenye digrii yake kwamba mgonjwa "atazoea". Atazoea? Mtu aliyebakiza wiki tatu? Hata kwa mwenye miaka mbele yake, daktari huanza na dozi ndogo, hupandisha kwa kipimo, na dawa ikiwa haihitajiki tena huipunguza taratibu. Mwili kuzoea dawa si sawa na uteja.

Najua mtaniambia kuhusu Marekani na vidonge vilivyoua watu maelfu kwa maelfu. Ni kweli, na ndiyo maana mofini inatakiwa kuwa na rejista, kufuli na mtu aliyefundishwa. Lakini tusiugue ugonjwa wa jirani. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini kabisa zinapata tani 0.1. Kilo mia moja! Wao wamezama kwenye maji, sisi tunakufa kwa kiu, halafu tunaambiwa tujihadhari na mafuriko.

Kingine: tunadhani tiba shufaa ni ya mtu anayekata roho. Hapana. Inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa unapogundulika, sambamba na mionzi au dawa nyingine. Ni ya mtoto wa sikoseli anayepiga kelele wodini huku shangazi yake anamwambia "mwanaume halii". Ni ya kijana mwenye Ukimwi. Ni ya babu ambaye moyo wake umechoka, halali kitandani bali anasinzia kwenye kiti kwa kukosa pumzi, na sisi tunasema "uzee huo". Mtoto ambaye hajui kuhesabu anaonyeshwa picha za nyuso, kutoka inayocheka hadi inayolia, naye anagusa ya kwake. Kumbe hata kumuuliza inawezekana!

Wapo watakaosema maumivu ni mtihani wa Mungu. Mbona jino likikuuma wewe unakimbilia ganzi?

Ninachodai ni vitu viwili. Mofini ya maji iwepo katika kila hospitali ya wilaya, isikauke. Na nesi aliyefundishwa aruhusiwe kuiandika, kama Uganda.

Na wewe unayesoma hapa, siku moja utakaa pembeni ya kitanda cha mzazi wako. Usikubali karatasi ya kuruhusiwa kabla hujamuuliza daktari: "Kuanzia sifuri hadi kumi, anaumwa kiasi gani, na mnampa nini cha kutuliza?" Sisi hatukuuliza. Hatukujua kwamba kuna swali.