Sikukuu Hailipwi kwa Ahadi ya "Off"

Makamanda, Nane Nane iliyopita dada yangu aliingia dukani saa mbili asubuhi, akatoka saa kumi na moja jioni. Anauza kaunta hapa Dar. Bosi alimwambia, "We piga kazi, off yako utapangiwa." Mpaka leo haijapangwa. Alipokumbushia, akaambiwa wanaoitaka nafasi yake ni wengi.

Sasa tuongee sheria, maana hapa ndipo vijana wengi tunapigwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Bara, kinasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Hakitaji off wala "tutaangalia". Kinataja pesa. Off ikija juu ya pesa, asante. Ikija badala ya pesa, umepigwa.

Piga hesabu. Mshahara wa 390,000 kwa mwezi, gawa kwa 4.333, kisha gawa kwa saa 45 za wiki. Unapata kama 2,000 kwa saa. Sikukuu inakuwa 4,000. Ukitoa saa ya mapumziko, saa nane ni 32,000. Kwa anayepanda daladala kila siku, hiyo si hela ya kuachia.

Kila Mei Mosi viongozi wanapanda jukwaani kuwasifia wafanyakazi. Siku hiyohiyo mlinzi yuko getini na mhudumu yuko baa, kwa malipo ya siku ya kawaida. Maafisa kazi wana mamlaka ya kuingia sehemu za kazi na kukagua kumbukumbu za malipo. Dai letu kwa serikali ni moja: watumeni siku ya sikukuu yenyewe, siyo kutuletea hotuba.

Nawe usikae kimya. Piga picha ratiba ya zamu, tunza meseji za bosi, dai kwa maandishi. Ukinyimwa, nenda CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Unaogopa kufukuzwa? Hata dada yangu anaogopa, na namuelewa. Ndiyo maana nimemwambia asiende peke yake. Pale dukani wako saba waliofanya kazi siku ile. Barua moja, sahihi saba.

Siku zao zimebaki chache. Jioni hii tunaiandika.