Hambaga na Mutura

Msomaji, yamkini umemsikia kijana akijigamba kwamba yeye hali mutura ya Kawangware wala ya Kibera, kwa kuwa ni chakula cha makabwela. Akipata fedha huenda mjini kula hambaga. Maneno hayo ni ya mtu asiyejua asili ya vyakula hivyo viwili.

Hambaga ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikafinyangwa bapa, ikachomwa na kutiwa kati ya vipande viwili vya mkate. Jina lake lilitoka Hamburg, bandari ya Ujerumani, likavuka bahari na wahamiaji waliokwenda Marekani katika karne ya 19. Huko ilikuwa chakula cha wafanyakazi, tena cha kutiliwa shaka, kwani nyama iliyosagwa huficha mengi. Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa kitabu kilichofichua uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago. Watu wakaingiwa na kinyaa, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Mwaka 1921 mkahawa wa White Castle ulifunguliwa Wichita. Wenyewe walijenga majengo meupe, wakawavika wapishi nguo nyeupe, wakapika mbele ya macho ya mnunuzi na kuuza hambaga kwa senti 5. Maji, sabuni na sheria viliiondolea hambaga aibu yake.

Wala hatari haikwisha. Mwaka 1993, huko huko Marekani, hambaga zisizoiva ziliua watoto 4 na kuambukiza watu zaidi ya 700, maana vijidudu vya juu ya nyama huingia ndani inaposagwa.

Na mutura je? Kwa Wakikuyu ilikuwa chakula cha sherehe, siku ya kuchinja mbuzi. Utumbo huoshwa, hujazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dhania na pilipili. Huchemshwa, kisha huchomwa juu ya makaa. Imepita motoni mara mbili! (Mnubi wa Kibera aliye Muislamu haigusi kwa sababu ya damu. Huyo simlaumu asilani. Kukataa kwa imani si kudharau.) Machinjio ya Dagoretti nayo yako jirani na Kawangware, hivyo nyama haina safari ndefu.

Utaniambia kuwa ubao wa muuzaji ni mchafu. Mara nyingine ni kweli, nami siutetei uchafu. Lakini maji ya kuoshea ubao huo huyanunua kwa mtungi wa lita 20, na kila anaponawa mikono amepunguza faida yake. Askari wa kaunti humfikia mara kwa mara kumfukuza, mfereji haujamfikia. Kijana anayemcheka na anijibu: White Castle wangaliosha nini, lau maji yao yangalikuja kwa mtungi?