Hesabu ya Vita Inaletwa kwa Nani?

Ndugu wasomaji wa makambi ya migodi na wa mjini, hapa Mulungwishi hata Likasi nasikia tena watu wakisema kwamba dawa ya waasi ni moto: choma vijiji, nao watakosa chakula. Mimi ni karani, nimezoea kutazama vitabu vya hesabu. Basi tuvitazame.

Huko Kenya Waingereza walitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu hasa, walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi na seng'enge. Dedan Kimathi alikamatwa 1956, akanyongwa 1957. Msituni Waingereza walishinda. Lakini watu walidai ardhi na uhuru, wala fimbo haikuwatoa jambo hilo moyoni. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo huko Hola, aibu ikafika bungeni London. Desemba 1963 Kenya ikajitawala. Na mwaka 2013 Uingereza ililipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Deni lililongoja zaidi ya miaka 50!

Tusiende mbali. Novemba 2005 jeshi letu liliwashambulia Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga upande wa Mitwaba, Pweto na Manono. Watu zaidi ya laki moja walikimbia. Aliyekimbilia kambini alishukiwa kuwa Mai-Mai. Aliyebaki kijijini aliporwa, mara na waasi, mara na askari waliotumwa kumlinda. Gédéon alijitoa 2006, akahukumiwa kifo 2009, akatoroka gerezani Kasapa 2011. Machi 2013 Bakata Katanga wakaingia Lubumbashi.

Kwa nini askari anapora? Mchimbaji asipolipwa, anaacha kazi. Askari asipolipwa, bunduki bado anayo. Zamani mshahara wake ulipita mikononi mwa makamanda, na vitabuni yaliandikwa majina ya askari wasiokuwapo (karani anayefanya hivyo mgodini hufukuzwa siku ile ile). Tangu 2005 wataalamu wa Ulaya walisaidia kuwahesabu askari na kutenga njia ya fedha na njia ya amri. Kwangu mimi, kazi hiyo ilikuwa na faida kupita mizinga.

Wabunge wetu waulize Kinshasa: ni askari wangapi, nani huwalipa, na mwanakijiji aliyeporwa ashitaki wapi? Majibu yaletwe hapa kwa maandishi.