Msituambie "Ni Uzee Tu"

Mama yangu alianza kuona watoto pembeni ya kitanda chake. Watoto wasiokuwepo. Akawa anawatengea chakula na kutukemea kwa kutowasalimia. Mwezi huohuo akapotea njia akitoka gengeni anakonunua nyanya miaka yote. Tukampeleka zahanati. Tabibu hakumuuliza hata jina, hakupima damu wala mkojo. "Ni uzee tu," akasema, akaandika dawa ya usingizi.

Uzee huleta mvi. Hauleti watoto chumbani usiku wa manane!

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda amepungukiwa vitamini B12, au damu imevilia ndani ya fuvu tangu alipoteleza bafuni wiki tatu zilizopita. Haya yanatibika, ila kwa aliyepimwa. Na ikiwa ni ugonjwa wa kusahau wenyewe, aina zake ni nyingi. Mwenye ile inayoitwa Lewy, ambayo humwonyesha mtu vitu visivyokuwepo, akipewa haloperidoli, dawa iliyozoeleka kabisa kwenye wodi za akili, anaweza kukakamaa mwili mzima, hata kufa. Kwa hiyo anayebahatisha hapa anachezea roho ya mama wa mtu.

Nasi wanafamilia tusijifiche. Tulipoteza miezi kwa mganga, ndugu wakinong'ona kwamba bibi "ana mambo yake". Minong'ono hiyo naiogopa. Usukumani imewaua vikongwe kwa mapanga, ushahidi wa uchawi ukiwa macho yaliyo mekundu kwa moshi wa kuni.

Hospitalini tumebandikiwa tangazo la "Mpishe Mzee Kwanza". Sawa, nimempisha. Anakwenda kumwona nani? Mabingwa wa magonjwa ya akili na wa mishipa ya fahamu wamejaa Dar es Salaam na miji michache mikubwa, na wazee wetu wako vijijini. Nauli ya kumfikia bingwa ilitugharimu mbuzi wawili. Bingwa alikaa na Mama karibu saa nzima: akamchoresha saa ya ukutani, akataka kuona kila kidonge anachomeza, akatuuliza sisi yalianza lini.

Saa nzima! Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo. Basi wewe tabibu usiyeweza kuifanya, usinipe falsafa ya uzee. Niandikie rufaa. Sitoki chumbani humu bila karatasi hiyo.