Injini Inayonguruma Haiumii

Kwenye barabara ya kuteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, bodaboda nyingi hushuka kimya. Madereva wameweka fri, wengine wamezima injini kabisa, na pikipiki zinaserereka kona baada ya kona kwa uzito wake zenyewe. Wakati wa kupanda ukimya ule ule hutafutwa kwa njia nyingine: gia ya juu kabisa, mafuta yamekazwa hadi mwisho, injini inagugumia kama mchukuzi aliyezidiwa na gunia. Mazoea haya mawili yamezaliwa na imani moja, kwamba injini ikipaza sauti inaumia na ikinyamaza inapumzika. Naipinga imani hiyo.

Tuanze na mteremko, maana huko hesabu haifichiki. Kimo cha Lushoto kinaizidi Mombo kwa karibu mita 1,000. Pikipiki ya cc 125, ukijumlisha dereva, abiria na kifurushi, hufika kilo 270 bila shida. Uzito huo ukishuka mita 1,000 huachia nishati ya kutosha kuchemsha takriban lita 7 za maji. Upepo huchukua sehemu yake. Inayobaki, dereva ndiye anayeamua iende wapi. Akiweka fri, yote inaishia kwenye breki, na breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za biashara ni ya dramu, ambayo joto lake halina pa kutokea upesi. Breki shuu zikishika moto sana huanza kuteleza, na dereva huligundua hilo akiwa tayari kwenye kona. Akishuka na gia ya pili au ya tatu huku ameachia mafuta, gurudumu ndilo linaloizungusha injini. Pistoni inahangaika kuvuta hewa ambayo kabureta imeifungia mlango, na mahangaiko hayo ndiyo yanayoishikilia pikipiki.

Watakaopinga wana hoja, nazo si za kupuuzwa. Wanasema breki shuu ni rahisi kuliko injini. Ni kweli, ila mzigo unaoipata injini ikishikilia pikipiki mteremkoni ni mdogo kuliko unaoipata ikipanda mlima huohuo. Wengine wanakumbuka zile pikipiki za kuchanganya oili na petroli, ambazo mafuta yakifungwa huku injini inazunguka kasi, oili nayo hupungua. Kwa hizo hofu ilikuwa na msingi. Bodaboda za leo karibu zote zina pampu ya oili inayoendeshwa na injini yenyewe. Kadiri injini inavyozunguka ndivyo oili inavyosukumwa. Hoja ya utelezi ndiyo nzito zaidi: ukishusha gia kwa pupa kwenye tope, gurudumu la nyuma huburuzika. Basi gia ishushwe moja moja, na mapema, kabla mteremko haujaanza.

Mlimani ukimya hugharimu zaidi. Injini za cc 100 hadi 150 hutoa msukumo wake mkubwa zikizunguka mara 4,500 hadi 6,000 kwa dakika. Ukizilazimisha kupanda zikiwa chini sana ya hapo, kila mlipuko unaisukuma pistoni kwa nguvu wakati yenyewe inasogea polepole, pampu ya oili imelegea, cheni inarushwarushwa, na upepo wa kupoza injini haupo kwa kuwa mwendo ni wa kobe. Mgongano unaosikika ndani ni petroli inayolipuka isivyotakiwa. Sisemi mzunguko mdogo ni kosa popote. Kwenye tambarare, mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo tu, gia ya juu ni akili na hubana matumizi. Ubaya uko pale mzunguko mdogo unapokutana na mafuta yaliyokazwa. Kipimo hakihitaji mshale wa mizunguko, ambao pikipiki nyingi hazina: ukikaza mafuta na mwendo usiongezeke, shusha gia.

Mazoea haya yanadumu kwa sababu anayenunua petroli na anayenunua injini mara nyingi si mtu mmoja. Dereva wa hesabu ya siku hujaza mafuta kwa fedha yake, hivyo huutafuta ukimya ili kubana petroli, na injini ikifa ni ya tajiri. Lakini dereva aliyechukua pikipiki kwa mkataba hana kisingizio hicho, kwani siku atakapomaliza deni, injini atakayokabidhiwa ni hiyohiyo aliyoigugumiza milimani mwaka mzima.