Lenta ya Mjomba na Monita Yangu

Wiki hii nina jambo la kukiri, na linahusu monita.

Wasikilizaji wa siku nyingi mnajua mimi ni mhasibu, na siku tatu kwa wiki nafanyia kazi nyumbani hapa Leicester. Baada ya miaka ya kukodolea macho kilaptopu, nikajinunulia monita ya inchi 34, ile iliyopinda. Pikseli 3440 kwa 1440. Majedwali yangu matatu yanakaa bega kwa bega, raha tupu.

Ila ina vituko vyake. Mkutanoni nikishea kioo kizima, wenzangu wanaona utepe mrefu wenye herufi kama sisimizi, kwa hiyo sasa nashea dirisha moja tu. Taa iliyo nyuma yangu ikimulika kioo, inavutika kama mlenda. Na Mama akikaa ubavuni kwangu tuongee na dada yake kwa video, analalamika: "Mbona huyu upande mmoja amekonda?" Yaani hii kitu imetengenezwa kwa mtu mmoja, aliyekaa katikati.

Kwenye boksi waliandika 1500R. Maana yake, ukipanga monita kama hizo mpaka zifunge duara, kutoka katikati ya duara hadi kwenye kioo ni milimita 1500, yaani mita moja na nusu. Nilisoma, nikatikisa kichwa, nikasahau.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Mjomba ndiye anayesimamia nyumba ya Mama kule Tanga. Boma limefika kwenye lenta. Jumamosi moja akatuma picha kwenye grupu la familia. Nikaifungua kwenye monita, nikaikuza hadi ikajaza kioo. Lenta ikawa juu kabisa, na niliiona kwa macho yangu mawili imebonyea katikati. Nikapiga picha ya kioo kwa simu, nikachora mstari mwekundu, nikairusha kwenye grupu: "Mjomba, lenta imepinda. Hela ya nondo imeenda wapi?"

Bila hata shikamoo. Mbele ya watu kumi na saba.

Niseme ukweli, sikuanza kushuku siku hiyo. Sisi tuliokulia huku tumelishwa zile hadithi tangu wadogo: fulani alituma hela miaka kumi, siku alipofika akakuta kiwanja na mbuzi wawili. Kwa hiyo nilipoona mstari umepinda sikujiuliza mara mbili. Nilikuwa nausubiri upinde.

Mjomba hakubishana. Alituma video: pima maji juu ya lenta, kile kipovu kimetulia katikati. Akasogea hatua mbili, akaiweka tena. Katikati. Halafu fundi akavuta kamba kona hadi kona, ikalala sawasawa na zege. Mwisho ikasikika sauti ya Mjomba: "Mwanangu, wewe umepima kwa macho. Mimi nimepima kwa maji."

Nikafungua picha ileile kwenye simu. Lenta imenyooka kama rula.

Kumbe ni hivi. Nakaa kama sentimita 60 kutoka kwenye kioo, na kingo zake zimejikunja kuja kwangu kwa kama sentimita tano. Kitu kikiwa karibu huonekana kikubwa zaidi, basi mstari ulio juu ya macho yako unaonekana umeinuka pembeni na kushuka katikati. Ulio chini unafanya kinyume. Ulio usawa wa macho haupindi. Na simu yangu, niliyoishika palepale kichwani kwangu, iliona nilichokiona mimi. Ule ushahidi wangu mwekundu ulikuwa picha ya monita, sio ya lenta.

Nilitaka nimpigie Mjomba kimyakimya, yaishe. Mama akakataa kata kata. "Umemwaibisha mbele za watu. Kamwombe radhi mbele za watu."

Nikarekodi ujumbe wa sauti mara sita, Kiswahili kinanikimbia. Wa saba ndio niliutuma: "Shikamoo Mjomba. Nimekukosea. Kilichopinda ni kioo changu, sio kazi yako. Na lile neno la hela halikuwa la kusemwa. Naomba unisamehe."

Saa mbili nzima kimya. Watu kumi na saba, hakuna hata mmoja aliyetuma hata kiemoji. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Halafu: "Marahaba, mwanangu. Yameisha. Bati lini?"

Hela ya bati nimeshatuma. Picha zikija naziangalia kwenye simu kwanza, na nikiwa na swali namwuliza Mjomba pembeni, nikianza na salamu.

Na wewe, nani ulimshuku bure kule nyumbani, na ulimwambiaje baadaye? Tutumie sauti yako, tutaisikiliza kwenye kipindi kijacho.