Boti iliyozama haina bei ya chini



Tangu maharagi ya saizoni A yaingie depo, swali moja linatufuata kila tunapopita kwenye vikundi vya kando ya ziwa, upande wa Shasha, Kirotshe na Bweremana: « Agronome, kuna boti inauzishwa bei ya chini. Ilikunywa maji, lakini walishaitosha. Tuinunue? » Kule Walikale swali ni lile lile, ila ni juu ya pirogi na motere ya kuvukia Lowa. Tumejibu mara nyingi kwa mdomo. Leo tunajibu kwa maandishi, ili kila mwanachama asome kabla ya mkutano mkuu. Maoni yetu ni haya: feza ya koperative isinunue boti iliyozama.

Hamu hiyo tunaelewa inatoka wapi. Vita ilipokata barabara ya Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, magunia mengi ya Masisi yalilazimika kupita ziwani. Mwenye boti akawa ndiye anayepanga bei. Mkulima analipa kwa gunia, analipa wabebaji, analipa tena akifika Kituku, na akirudi nyumbani faida imeishia njiani. Kikundi kinaposema « tupate boti yetu wenyewe », hakikosei. Hatupingi koperative kuwa na boti. Tunapinga ile iliyozama.

Mahindi yaliyoloa

Sisi si mafundi wa boti. Tulisoma udongo, mbegu na magonjwa ya mimea. Lakini jambo moja tunalijua vizuri, na nyinyi pia mnalijua: kitu kilicholoa kinaweza kukauka na bado kikabaki kibaya. Mahindi yakiloa ndani ya gunia yakaota ukungu, ukiyaanika siku tatu kwa jua kali yanaonekana mazuri tena. Ile sumu ya ukungu inabaki ndani, jua haliitoi. Hakuna mama hata mmoja katika vikundi vyetu atakayenunua mahindi hayo kwa sababu bei iko chini. Basi kwa nini tununue boti ya namna hiyo?

Boti iliyotolewa majini huletwa ufukweni ikiwa imekauka na imepakwa rangi mpya. Rangi hiyo ndiyo ya kuogopa kwanza. Ubao ukiwa chini ya maji kabisa hauozi haraka, kwa sababu hakuna hewa. Uozo unakuja boti ikishatolewa: ubao bado umejaa maji, hewa inaingia, na chini ya sakafu ambako jua halifiki ukungu unaanza kula. Unaanza kuonekana miezi kadhaa baadaye, wakati boti ni yenu tayari na muuzaji hapokei tena simu.

Misumari nayo inakula kutu ndani ya ubao, mahali macho hayafiki. Kwa nje unaona kichwa cha msumari, kwa ndani hakuna kitu kinachoshika. Halafu fikirini namna boti ilivyotolewa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Boti iliyojaa maji ikivutwa kwa kamba, tani kadhaa zinakandamiza mbavu zake na ule mti wa chini unaobeba boti nzima. Inaweza kupinda kidogo tu, mtu asione. Lakini siku ya mawimbi, na magunia mia ndani, ni pale pale ilipopinda itakapofunguka.

Pirogi ya mti mmoja ina ugonjwa wake. Ikilala majini muda mrefu kisha ikakaushwa haraka juani, inapasuka kwenye ncha. Watu wanaziba nyufa kwa bati na lami, na maji ya Lowa yakijaa, kiraka kinatoka.

Motere ndiyo mbaya zaidi

Motere iliyozama inapaswa kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa mafuta na kuwashwa saa chache tu baada ya kutolewa. Ikikaa siku mbili au wiki ufukweni, kutu inaanza kula vyuma vya ndani. Na kama ilikuwa inazunguka wakati boti inazama, hali ni mbaya zaidi. Maji hayabanwi kama hewa. Yakivutwa ndani, chuma kinachosukuma pistoni kinapinda. Motere kama hiyo inaweza kuwaka mbele yenu na kulia vizuri dakika kumi. Kisha inazima katikati ya ziwa, upepo ukiwa umeamka.

« Lakini Liemba ilizama ikafufuka »

Wazee wengine wanatujibu kwa mfano wa meli Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ni mfano mzuri, ila tuusome mpaka mwisho. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma ili maadui wasiichukue. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine zake grisi nzito, kwa sababu walitumaini kuirudia siku moja. Baada ya vita Wabeleji waliitoa, ikazama tena. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, na ilirudi kazini mwaka 1927 tu. Hiyo ni miaka mitatu ya kazi, kwa pesa ya serikali, juu ya meli ya chuma ambayo mashine zake zilikuwa zimekingwa kwa makusudi.

Boti mnayoonyeshwa ni ya mbao. Ilizama kwa ajali, hakuna aliyeipaka grisi, na ilitengenezwa kwa wiki mbili. Liemba haiwapi ruhusa ya kuinunua. Inawaonyesha tu kazi inayotakiwa ili chombo kilichozama kiaminike tena.

Hesabu na roho za watu

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Nyinyi wekeni bei za kwenu. Tuseme boti mpya ya mbao pamoja na motere ni dola 8,000, na ile iliyozama ni dola 3,500. Mbao, misumari na fundi vinakula dola 1,200. Motere inakufa, mnatafuta nyingine ya dola 2,000. Mmefika dola 6,700, saizoni moja imepita boti ikiwa juu ya magogo, na bado mko na boti ya zamani. Mliokoa dola 1,300 kwenye karatasi, mkapoteza mauzo ya saizoni nzima.

Hiyo ni upande wa feza. Upande wa pili hauna bei. Mwezi wa Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi akatangaza kwamba watu 150 hawajulikani walipo. Tarehe 3 Oktoba 2024, Merdi ilitoka Minova ikazama mbele ya Kituku, watu ufukweni wakiiona kwa macho. Serikali ya Kivu Kusini ilisema ilibeba watu 278. Hatusemi kwamba boti hizo zilikuwa zimezama mbeleni. Tunasema kwamba ziwa letu halitoi nafasi ya pili. Anayepanda boti ya koperative na kapu lake la viazi hajui kwamba ubao wa chini umeoza. Hakuwa kwenye kamati, hakupiga kura, lakini hatari ni yake.

Kuna pia swali la mwenye mali. Boti iliyozama ilikuwa ya mtu. Pengine mwenyewe alikufa ndani, na anayeiuza ni yule aliyeivuta tu. Familia ikija na makaratasi, au waliopoteza magunia yao wakija kudai, koperative itajibu nini?

Mkishupaa kununua

Tunajua wengine watanunua hata hivyo. Basi msilipe hata franga moja kabla ya haya:

1. Makaratasi: jina la mwenye boti, namba ya usajili, na karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya viongozi wa mahali.
2. Fundi wenu, si wa muuzaji. Ang'oe sakafu, akwangue rangi mahali kadhaa, achome ubao kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliolowekwa, ondokeni. Ang'oe misumari mitatu au minne aione.
3. Motere: afungue mafuta. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Iwashwe ikiwa baridi, ifanye kazi saa mbili, si dakika kumi.
4. Jaribio: boti ijazwe mifuko ya mchanga, bila mtu ndani, ilale majini karibu na ufuko usiku mzima. Asubuhi pimeni maji yaliyoingia.

Muuzaji akikataa hata jambo moja kati ya haya manne, ameshawapa jibu.

Tunachoshauri

Kwanza, uzeni pamoja. Magunia mia ya wakulima thelathini yakipelekwa siku moja, mwenye boti atakuja kuwatafuta nyinyi, na hapo ndipo mnapatana bei kwa gunia, na kudai boti isiyojazwa kupita kiasi na jile ya kuokoa kwa kila mtu. Pili, wekeni sanduku la boti, saizoni kwa saizoni, mpaka mfikie boti mpya iliyochongwa mbele ya macho yenu. Tatu, hata siku hiyo isiwe kamati peke yake inayoamua. Sheria ya OHADA ya koperative, inayofuatwa nchini kwetu tangu 2012, inaipa sauti kila mwanachama kwenye mkutano mkuu. Mama anayeleta kilo kumi za maharagi ana kura moja, sawa na prezida.

Tunajua kungoja ni kugumu wakati mavuno yako depo na bei Goma iko juu. Sisi pia tunaumia kuona faida yenu ikibaki kwa wengine. Lakini hatukuwafundisha kuchagua mbegu moja moja mkononi ili baadaye mnunue boti kwa kuangalia rangi. Siku ya mkutano, mtu akisimama kusema « iko bei ya chini », mwulizeni swali moja: yeye na watoto wake watapanda safari ya kwanza?